Harambee ya dozi 260: sindano ya mwezi isikose tarehe yake

Ndugu wapendwa, majirani wa Moshi mjini, Uru na Kibosho, nanyi wana wa nyumbani mlioko Dar es Salaam na kwingineko, Bwana Yesu asifiwe.

Kikundi cha walezi cha usharika wetu kinaomba mchango wa sindano za muda mrefu kwa wagonjwa 20 wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Anayechomwa kila baada ya wiki 4 huhitaji dozi 13 kwa mwaka. Wengi hukisia 12, ile ya 13 ikakosa mwenyewe. Kwa wagonjwa 20 zinakuwa 260. Tumehesabu kwa dozi kwa sababu bei ya dawa hupanda na kushuka, lakini tarehe za kliniki ziko palepale.

Dawa zenyewe ni flufenazini dekanoeti na haloperidoli dekanoeti, zote zikiwa ndani ya mafuta ya ufuta. Muuguzi huyavuta taratibu kwa bomba kavu, maana ni mazito, na flufenazini ikiguswa na maji hupoteza uangavu wake. Huivuta ngozi ya tako pembeni, huchoma ndani kabisa ya msuli, huhakikisha hakuna damu inayorudi, kisha husukuma polepole. Hungoja kama sekunde 10 kabla ya kuchomoa na kuiachia ngozi, ili mafuta yasirudi nje. Pale pakishachomwa hapasuguliwi. Mafuta hubaki msulini yakiachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na nyumba inapumzika na ugomvi wa vidonge wa kila siku.

Polepole hiyohiyo ndiyo inayotuponza. Tarehe ikipita, dawa haikatiki siku ileile. Wiki ya kwanza kijana bado anakata majani ya ng'ombe, anasalimia watu njiani, na nyumbani wanasema amepona. Nauli ya bodaboda inakwenda kwenye sukari na madaftari ya wadogo zake. Halafu usingizi unapotea. Anakataa chakula akidhani kina sumu, anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Hapo sindano moja haimrudishi haraka, kwa kuwa dawa huchukua wiki nyingi kujijenga upya mwilini. Mara nyingi huanzishiwa vidonge tena, wengine hulazwa. Wala haifai kufidia kwa kuchoma dozi mbili pamoja. Anayepanga upya ni daktari.

Kuna hatari nyingine pale dawa inapoisha kliniki na familia ikatumwa dukani. Wakitaja "haloperidoli" tu, wanaweza kupewa ile ya majimaji ya kutuliza mgonjwa kwa saa chache, nao wakaamini mwezi umeshalipiwa. Neno dekanoeti lazima lisomeke kwenye ampuli. Kwa hiyo ununuzi tumemwachia mfamasia, na dozi za akiba zitatunzwa naye, mbali na joto na mwanga. Hazitakaa kwenye kabati la kanisa.

Sehemu ya fedha itanunua vidonge vya benziheksoli, vya kutuliza madhara ya sindano hizi. Watu wanaokimbia sindano mara nyingi wamekimbia shingo kupinda, mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, mambo yanayotibika wakisema mapema. Miguu isiyotulia nayo isemwe. Huenda daktari akapunguza dozi. Homa kali pamoja na kukakamaa na kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Kikundi hakimpangii mtu dawa wala kumlazimisha kuchomwa, na wote 20 walishaijaribu dawa yao wakaonekana wanaivumilia.

Nauli ndiyo inayotuumiza zaidi, hasa masika, milima inapoteleza na bodaboda wakapandisha bei. Mlezi atapigiwa simu siku 3 kabla ya kliniki, na nauli ya kwenda na kurudi atapewa kabla hajatoka nyumbani. Tukingoja arudi na kadi ndipo tumlipe, asiye na kitu hataondoka kabisa.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya kwanza. Mnada utakuwepo, kwa hiyo mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai au maziwa, leteni. Walio mbali wapitishe kwa wazee wa mitaa yao au kwa mhazini. Fedha hutoka kwa sahihi za watu wawili, na idadi ya dozi zilizonunuliwa itabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa matangazo. Majina ya wagonjwa hayatasomwa madhabahuni wala kuandikwa popote hadharani.

Anayetaka kumbeba mgonjwa mmoja mwaka mzima amwambie mhazini "dozi 13". Atapewa risiti yenye idadi ya dozi na tarehe zake.