Kwa wanangu mnaoanza mwaka wa kwanza wa sheria

Wanangu,

Najua wiki hii mlivyo. Foleni ya usajili haijaisha, bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, halijaingia, chumbani mnalala na watu ambao majina yao hamjayashika, na tayari mwalimu ametoa orodha ya kesi kumi na mbili za kusoma kabla ya semina ya Alhamisi. Jioni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakuja kukaa kitandani kwako na kukusimulia matokeo ya mwaka 2022 ya Shule ya Sheria, mnakopita baada ya digrii ili kuwa mawakili, kwamba kati ya watahiniwa 633 walifaulu 26 tu. Ni kweli. Lakini mtihani ule uko mbele sana, na kuuogopa hakukusaidii kusoma ukurasa hata mmoja usiku huu.

Mimi niliingia chuo nikiwa mtu mzima wa miaka 31, baada ya miaka 8 ya ukarani katika mahakama ya mwanzo. Nilidhani nimeiva. Wiki ya kwanza nikafanya kosa ambalo bado nawaona vijana wakilirudia: nilikimbilia madesa, zile karatasi za muhtasari zinazorithishwa na wanafunzi waliotangulia. Nilitoa kopi ya muhtasari wa kesi zote kumi na mbili, nikakariri uamuzi wa kila moja kwa Kiingereza, na maneno ya Kilatini juu yake. Kwenye semina nikaitwa kuieleza kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Nikamwaga Kiingereza changu chote. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili: "Huyo mama aliuza shamba kwa nini?"

Sikujua. Hata kwamba kuna shamba liliuzwa nilikuwa sijui.

Usiku ule nikaenda maktaba kuisoma hukumu yenyewe. Holaria Pastory alirithi ardhi ya baba yake kwa wosia. Alipozeeka, hana wa kumtunza, akaiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Kesho yake tu Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimuunga mkono, na huko Kashasha Ephrahim akashinda. Mahakama ya wilaya ikatengua uamuzi huo. Ephrahim akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaitupa rufaa yake. Haki za msingi, usawa ukiwemo, zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani. Hesabuni wenyewe: miezi mitano kabla mama yule hajauza shamba. Desa langu lilikuwa na jina la kesi na neno "usawa". Hiyo miezi mitano haikuwemo.

Tena angalieni safari ya lugha. Mahakama ya mwanzo husikiliza kesi kwa Kiswahili. Hukumu ya Mwanza mnaisoma kwa Kiingereza. Nanyi mtafundishwa kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ni rahisi sana kudhani umeielewa kesi kumbe umeelewa Kiingereza chake tu.

Kwa hiyo wiki hii, katika kila somo, chagua kesi moja uisome yenyewe. Hukumu nyingi zipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bure, hata kwenye simu. Mara ya kwanza isome kama habari: nani kamfanyia nani nini, na lini. Mara ya pili tafuta jaji alikuwa anaulizwa nini hasa, mahakama za chini zilisemaje, na ni sababu ipi ambayo ukiing'oa uamuzi wote unaanguka. Hapo ndipo penye kiini. Mengine aliyoyasema jaji yanaweza kusubiri. Kisha funga simu, umsimulie mtu kwa Kiswahili, na awe mtu asiyesoma sheria. Akikuuliza "kwa nini?" ukakwama, rudi palepale ulipokwama.

Kesi zilizobaki gawaneni. Watu wanne, kila mmoja kesi mbili au tatu, mkutane Jumatano usiku kila mtu asimulie zake kwa mdomo. Karatasi zisipokezanwe. Madesa ya wakubwa zenu fungueni baada ya hapo, kuhakiki.

Na mlale. Nyumbani wakipiga simu kumuuliza "mwanasheria wetu" habari za mgogoro wa kiwanja, wasikilizeni kwa adabu, muwaelekeze kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria. Ushauri wenu wa wiki ya kwanza unaweza kumpotezea mjomba kiwanja.

Mimi kesi ile nilimsimulia mama yangu nilipokwenda likizo, yeye akichambua mboga. Aliifuata yote, Kashasha mpaka Mwanza, na akaicheka ile hoja ya ukoo. Kisha akaacha mboga, akaniuliza: ukoo uliokuwa unaitaka ardhi, siku mama yule alipokosa wa kumtunza ulikuwa wapi? Nikachukua kalamu, nikaliandika swali lake pembeni ya nakala yangu ya hukumu. Bado lipo.