Hiyo fomu ya shule msiichane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji aliyewaambia wazazi wa huku Marekani kwamba shule ikikuletea fomu ya kumpima mtoto kama anahitaji msaada maalum wa kujifunza usisaini, ukisaini tu mtoto anaandikwa mgonjwa wa akili na baadae serikali inakuja kumchukua. Nimeisoma mara mbili na imeniuma, kwa sababu hizo fomu mi naziona kila wiki kazini na watoto wanaokosa msaada kwa maneno kama hayo nawajua kwa sura.

Mi ni msaidizi wa tiba kazi kwenye shule za msingi hapa Ohio. Jina linachanganya, wengi nikiwaambia wanadhani natafutia watu ajira. Sasa kazi ya mtoto ni nini? Ni kula mwenyewe, kuvaa, kucheza, kushika penseli, kutulia kwenye kiti mpaka somo liishe, na pale anapokwama ndo tunaingia sisi. Mtaalamu wa tiba kazi ndo anayesimamia kumpima na kupanga malengo, mi nakaa na mtoto, wengi wao nusu saa mara moja au mbili kwa wiki, halafu namrudishia mtaalamu habari, peke yangu siruhusiwi kubadilisha malengo ya mtoto. Kwenye begi langu hakuna sindano wala dawa, kuna udongo wa kufinyanga ambao nimeficha shanga ndani ili mtoto azichimbue kwa vidole, kuna vibanio vya nguo, mkasi wa kitoto, na krayoni nilizozivunja makusudi, maana kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, lazima vidole vifanye kazi.

Ngoja niwaambie kisa kimoja, vitu vidogo nimevibadilisha ili familia isijulikane. Kuna mtoto wa darasa la kwanza, wazazi wake Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania. Mwalimu wake akasema mtoto hawezi mkasi, hawezi kufunga zipu ya koti, na huku baridi ikianza bila koti hutoki nje kucheza. Shule ikamwita mama, na mkalimani waliyemtumia ni dada yake huyo mtoto, binti wa miaka 11! Huyo binti kwa Kiingereza chake cha mwaka mmoja akamwambia mama, wanasema ni mjinga. Mama akakataa kusaini, na mimi ningekuwa yeye ningekataa vilevile.

Nilikutana nae kwenye korido nikamsalimia kwa Kiswahili, akanishika mkono, swali lake la kwanza likawa "Dada, batamubeba mutoto wangu?" Yaani watamchukua? Nikamwambia hapana mama, hakuna anayembeba mtoto. Basi akaanza kueleza, kwamba mtoto alipozaliwa alichelewa sana kulia, alitembea akikaribia miaka mitatu, na mkono wa kulia tangu utotoni anaukunja tu. Kwenye faili la mtoto hakukuwa na hata neno moja la hayo yote. Nikamwambia mtaalamu wangu siku ileile, akaitishwa mkalimani wa kweli, kikao kikarudiwa, mama akasaini. Leo huyo mtoto karatasi anaishika kwa mkono wa kulia na kukata kwa wa kushoto, na zipu tumeifunga kamba ndogo ya kuvutia, anaifunga mwenyewe.

Na kuna binti mwingine nae ametokea kambini, malalamiko yalikuwa yaleyale kabisa, mkasi hawezi, zipu hawezi. Huyu hakuwa na shida yoyote, ni kwamba mkasi hajawahi kuushika na koti la zipu hajawahi kulivaa. Baada ya wiki chache darasani anakata kuliko wenzake. Ukiwaangalia hao watoto wawili siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha, mwenye habari ni mama. Sheria yenyewe ya huku ya elimu ya watoto wenye ulemavu inakataza mtoto kuhesabiwa ana ulemavu kwa sababu tu hakufundishwa kusoma na hesabu, au kwa sababu hajui Kiingereza. Kwa hiyo mzazi akikimbia kikao, hata huyo asiye na shida anakosa wa kumtetea.

Sheria ninayosema ilisainiwa na rais Gerald Ford mwaka 1975, siku hizi inaitwa IDEA. Kabla ya hapo shule nyingi za huku zilikuwa zinawarudisha nyumbani watoto wenye ulemavu, kwa hiyo wazazi wenyewe wa Kimarekani walipigania hiki kitu sana. Kupimwa ni bure, huduma ni bure. Na hapa ndo msomaji wenu alipokosea kabisa: kusaini apimwe sio kukubali huduma. Ni saini mbili tofauti, unaweza kukubali apimwe, ukasikiliza majibu, halafu ukasema hapana, na ukishasema hapana shule haiwezi kuanza hizo huduma kwa nguvu. Hata ukikubali leo, baadae unaweza kujitoa kwa maandishi. Ukishasaini apimwe shule ina siku 60 kumaliza, labda kama jimbo limeweka muda wake mwingine. Mpango wa mtoto wenye malengo na huduma zake, ule wanaouita IEP, unaangaliwa upya kila mwaka na wewe mzazi ni mjumbe wa hicho kikao, hukualikwa kwa hisani.

Mkalimani kwenye hicho kikao cha mpango ni wajibu wa shule, sio hisani pia, na mtoto wako sio mkalimani. Kama hujui Kiingereza mwombe mtu akuandikie karatasi kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, uipeleke ofisini kabla ya siku ya kikao, na kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au Lubumbashi andika hivohivo, maana nimeshaona mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wanaangaliana tu.

Wako,
Msaidizi wa tiba kazi, Columbus, Ohio