Mabango ya mechi wapewe wachoraji, na ya zamani yasichomwe

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na sioni anayelizungumzia. Mimi ni fundi fremu hapa Kirumba, Mwanza, na pembeni ya kazi nakusanya mabango ya zamani ya michezo, hasa yale yaliyochorwa na wasanii wenyewe, sio haya ya sa hivi ya kubandika picha ya mchezaji na kuandika tarehe na kiingilio basi. Wengi wakiona wanasema ni makaratasi tu yale, kwahiyo ngoja nieleze kwanini mi siyaoni hivyo.

Mwaka 1972 Olimpiki ilikuwa Munich, Ujerumani Magharibi. Wale waandaaji walikuwa na mbunifu wao, Otl Aicher, na timu yake ndio waliotengeneza mabango ya kila mchezo, na ni mazuri kweli kweli, lakini hawakuishia hapo, wakawaita na wachoraji wakubwa wa wakati ule wakawaambia kila mtu achore anavyoona yeye, alafu yakauzwa yachangie gharama za michezo. David Hockney wa Uingereza akachora mtu anapiga mbizi kwenye bwawa. Jacob Lawrence, Mmarekani mweusi, akachora wakimbiaji weusi wa kupokezana vijiti wako mwishoni mwa mbio, nyuso zimekaza, miili imevutika mbele yaani unaona kabisa kila mmoja ametoa alichonacho. Hilo ndilo nalipenda kuliko yote, na nakala niliyonayo ni ya kuchapishwa tena sio ile ya mwaka wenyewe, ila siiuzi. Nikiliangalia namuona John Akii-Bua, jirani yetu wa Uganda, maana ni kwenye Olimpiki hiyohiyo alikimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, akiwa njia ya ndani kabisa ambako kona zinabana, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Na Filbert Bayi wetu alikuwepo Munich, bado kijana, miaka miwili kabla hajavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch.

Baadae Kombe la Dunia 1982 Hispania wakampa mchoraji wao Joan Miró achore bango kuu, alikuwa mzee anakaribia miaka 90, akatoa rangi zimechangamka mpaka mtoto anazifurahia, na miji iliyochezewa mechi nayo ikapata mabango yake kutoka kwa wasanii wengine. Afrika Kusini 2010 pia wasanii walipewa nafasi, William Kentridge wa palepale Johannesburg akiwa mmojawapo.

Kwa anayetaka kuanza kukusanya, chukua kioo cha kukuza uangalie rangi kwa karibu. Ukiona vidoti vidogo vidogo vimepangana hiyo ni ofseti, uchapaji wa kawaida wa mashine, iliyotoka kwa maelfu, na hata nakala za juzi ziko hivyo. Ukiona rangi imelala nzima bila vidoti, wino umekaa juu ya karatasi kama kwenye tisheti iliyoprintiwa kwa wavu, hapo tulia uliza vizuri, huenda si nakala ya kawaida. Alafu tafadhali msiyapige gundi wala selotepu, na msilaminishe, nimeletewa kazi nyingi za hivyo na hakuna namna ya kurudisha. Jua la huku kwetu linakula nyekundu haraka sana na unyevu wa ziwa unaleta ukungu, kwahiyo bango lisigusane na kioo cha fremu moja kwa moja na lisining'inizwe ukuta unaopigwa jua la jioni.

Sasa nije Mwanza. Wazee watakwambia matangazo ya mechi za viwanja vya Kirumba na Nyamagana yalikuwa yanaandikwa kwa brashi na mafundi wa vibao, herufi zina kivuli, mpira umechorwa, wengine wanaweka na samaki au mawe ya mji wetu. Yako wapi? Mvua, mchwa, na mengine yalifungiwa maandazi. Pamba, timu yetu ya mpira tunayoiita TP Lindanda, ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, mji mzima ulilipuka kwa furaha, na mimi sijaona bango hata moja lililochorwa kwa mkono la kukumbuka siku zile, ni picha za kwenye simu tu ambazo mtu akibadilisha simu zimepotea.

Ombi langu kwa viongozi wa klabu na waandaaji wa mbio za mitumbwi huku ziwani: kila msimu mpeni mchoraji mmoja wa hapahapa bango moja, tu. Achore anavyoona yeye, msimlazimishe kujaza nembo za wadhamini kila kona, zichapwe nakala chache zenye namba na saini yake, ziuzwe getini, na mgao wake uandikwe kwenye karatasi kabla hajashika brashi. Wachoraji tunao, wanachora nyuma ya daladala na kuta za saluni kila siku, wanasubiri kuitwa.

Na mwenye bango la zamani la Pamba au Toto African, hata kama limechanika vipande, asilitupe, vipande vinaunganishika kwa karatasi nyepesi na gundi ya wanga, hiyo ni kazi ninayoifanya. Nawe mhariri, naamini stoo yenu ya picha za zamani ina mashabiki wamesimama mbele ya kuta zenye matangazo ya mechi, mkizitoa hata moja kila wiki kwenye ukurasa wa michezo tutaanza kujua nini kilikuwepo na nani alichora.

Fundi fremu,
Kirumba, Mwanza