Wadai wa mzee

Muheza

Mama Salma mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako niliipata juzi, na tangu hapo nakuwaza. Hao wadai waliokufuata kabla hata ya arobaini ya mzee wamenikera, ingawa ni sisi wenyewe tunaosimama mazikoni na kutangaza, "Anayemdai marehemu ajitokeze." Anayedaiwa naye tunamtangazia, lakini huyo huwa hasikii vizuri.

Usimlipe mtu kwanza, wala usitamke "nitakulipa". Kila mmoja alete alichonacho: risiti, mkataba, taarifa ya miamala ya simu, shahidi. Kisha fungua daftari la mzee uone kama huyo mdai naye hadaiwi na mzee.

Kwetu, baba alipofariki, mwenye lori alidai shilingi 900,000, safari tatu za machungwa kwenda Dar. Kaka alishaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Nikafungua daftari, kwenye ukurasa wenye duara la kikombe cha chai, nikakuta mwandiko wa baba kwa penseli: "Lori limelala Chalinze siku 2. Matenga 14 yameoza, 25,000 kila moja. Amekubali kukatwa." Hiyo ni 350,000! Tulikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, bwana yule akabisha weee, mpaka utingo wake mwenyewe alipokiri. Tukakatana, akapokea 550,000, akasaini kwamba hana dai tena. Angekaza shingo tungekutana kwa hakimu, maana msimamizi wa mirathi anaweza kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya marehemu.

Halafu ile Fomu Na. 5 ya Mahakama ya Mwanzo: una miezi minne tangu uteuliwe kuwa msimamizi, uwe umeijaza na kuirudisha mahakamani. Andika mali na madeni yote, ya kulipa na ya kudai, na lile unalolibishia useme kwamba unalibishia. Kaka zako wanaotaka shamba ligawiwe sasa hivi, wakumbushe wanachokijua: mazishi, deni, wasia, ndipo mirathi. Na mali ya mzee isipotosha, usitie mkono kwenye mtaji wako wa vitenge.

Huyo uliyeniandikia kwamba anadai milioni mbili za mabati simwelewi. Nyumba mnayo tangu tukiwa shuleni, na mabati ni yale yale yenye kutu. Aliyapeleka wapi?

Jumamosi nakuja, inshallah. Daftari lisitoke ndani, hata baba mdogo akisema anakwenda kulisoma tu.

Shoga yako,
Mama Hadija