Kaka, Mama aliuliza kama mikono haikuwasha

Kaka yangu,

Tangu arobaini ya Mama hatujasemezana, na simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa. Usiposoma mwenyewe, utasomewa.

Ile jioni unaijua. Barazani Chumbageni, mwanao amesimama na karatasi zake, anatusomea kabla hazijatumwa Marekani kuombea chuo: jinsi maji ya makapi ya mkonge yanavyoua viluwiluwi wa mbu. Alisoma vizuri, Mungu amlinde. Majedwali, asilimia, tarakimu mbili baada ya nukta. Mama, aliyemaliza ujana wake korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, akianika katani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika viganja. "Na mikono haikukuwasha, mjukuu wangu?"

Mtoto akakutazama wewe.

Ukajibu wewe: "Walivaa glavu." Mama akaviachia vile viganja taratibu, akasema chai inapoa. Hakuuliza tena habari za utafiti ule mpaka tunamzika. Aliyewahi kushika makapi mabichi ya mkonge anajua yanavyowasha. Mtoto aliyeyakamua wiki 6 hangekosa la kumwambia bibi yake.

Sikulaumu kwa kumsaidia. Huu ni mwaka wangu wa 19 nafundisha baiolojia, na watoto nawashika mkono kila siku: namwonyesha hadubini inavyolengwa, namuuliza alihesabu mara ngapi, namrudishia daftari aanze upya. Mzazi mtafiti akimfungulia mwanawe maabara siku ya Jumamosi, hiyo ni riziki ya mtoto, ale kwa raha. Lakini swali ulichagua wewe, ukakamua wewe, ukahesabu na kuandika wewe, yeye ukampa akariri.

Uliniambia huko wote wanafanya hivyo. Kwamba Harvard huchukua pungufu ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba, kwamba wenye alama nzuri wamejaa tele, na utafiti ndio unaomtoa mtoto kwenye rundo. Sikubishi. Lakini kumbuka yule mtoto wa shule ya msingi wa Kunming, China, mwaka 2020, aliyenyang'anywa tuzo ya taifa kwa utafiti wa jeni ya saratani ya utumbo, baada ya watu kugundua kuwa baba yake ni mtafiti. Ulipoisoma habari ile ukasema baba yule hakuwa mwangalifu. Mwangalifu, Kaka! Mtoto anazungushwa mitandaoni kwa kazi asiyoiomba, na wewe unamsikitikia baba kwa kukamatwa.

Mwaka ule mwanao anaomba chuo, nilikuwa na kijana wa Sahare, baba yake mvuvi. Miezi 3 alihesabu viluwiluwi kwenye maji ya mvua yanayotuama ndani ya mitumbwi iliyopandishwa pwani. Akaandika yote kwenye kaunta buku. Hesabu za wiki nzima alizifuta mwenyewe kwa sababu kikombe cha kuchotea kilipotea akatumia kingine. Wewe ulilifunua daftari lile ukasema ni kazi ya darasa la 5. Harvard na MIT, chuo kingine cha hukohuko, huwapokea hata wageni bila kuangalia kama wana uwezo wa kulipa, kisha huwajazia kilichopungua. Kijana yule hakuomba. Hakuna aliyemwambia aombe. Mwalimu wake alikuwa mimi, nami nilikuwa naandika barua ya kumpendekeza mwanao.

Ndiyo, niliandika. "Amebuni na kutekeleza mwenyewe." Jina langu la ndoa likauficha undugu wetu. Lakini ada yangu ya chuo cha ualimu ulilipa wewe, ukauza mpaka baiskeli; ningekukatalia kwa ulimi upi? Na mengine niliyoandika yalikuwa kweli: msikivu, ana akili, ana adabu. Ningekataa, ungempata mwalimu mwingine. Mama mwenyewe alisema nisikuvunjie heshima. Alisema hivyo kabla ya ile jioni, nakiri.

Juzi usiku mwanao amenipigia. Profesa wake amemwingiza maabara kwa sababu ya utafiti ule, anataka amweleze alivyokamua. Amelia, Kaka, mpaka salio likaisha. Aliniomba nisikwambie, na sasa nimekwambia mbele ya watu. Anisamehe shangazi yake. Anataka akija likizo aifanye kazi yenyewe tangu mwanzo, halafu ndipo aongee na profesa.

Nimeshazungumza na watu wa shamba la mkonge, njia ya Muheza, watatupa makapi. Kijana wa Sahare siku hizi ana bodaboda, lakini daftari analo, amekubali kutuonyesha anavyohesabu. Tumepanga iwe wiki ya khitma ya Mama. Njoo, ulale hapa, asubuhi tutoke wote mapema. Makapi hayangoji; yakilala yanachacha, na maji yake si yale tena.