Mwanangu, kabla hujainunua hiyo Canon

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa presha ya mama yako ambayo inapanda na kushuka kama bei ya nazi. Kondakta aliyekupa barua hii nimempa na kiroba cha machungwa ya Muheza. Yahesabu, yapo hamsini. Yakipungua usimwambie kitu, niambie mimi.

Najua simu ipo. Lakini simu yangu mama yako huiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na tangu miwani ivunjike mdogo wako ndiye anayenisomea meseji. Hii nimeiandika kwa miwani ya jirani. Nina neno nisilotaka wao walisikie. Nitalifikia.

Kwanza swali lako kuhusu kamera yetu ya filamu, ile Pentax K1000, uitengeneze au ununue nyingine. Picha ulizotuma nimezitazama moja moja. Zile sita za ufukweni zina giza upande mmoja, theluthi nzima ya picha, na zile za ndani ya nyumba ni safi kabisa. Wewe umeandika "baba, kamera imekufa". Kamera iliyokufa haichagui, mama. Hiyo imekataa kwenye jua kali tu, maana yake uliiweka kwenye spidi ya 1/1000 ya sekunde, na hapo ndipo inapoumwa.

Ndani yake kuna mapazia mawili ya kitambaa cheusi. La kwanza linafungua, la pili linalifuata likifunga. Kwenye 1/60 la kwanza hufika mwisho ndipo la pili liondoke. Kwenye 1/1000 yanakimbia yote mawili kwa pamoja, na kati yao pana upenyo mwembamba tu unaopita mbele ya filamu. Grisi ikikauka, la kwanza linachoka njiani, la pili linalikaribia, upenyo unaziba kabla haujafika ng'ambo. Ndilo giza lako hilo. Hakuna kilichovunjika. Hata kesho unaweza kuendelea kupiga: kwa filamu ya 200, jua la saa sita, funga tundu la lenzi mpaka f/16 na spidi iweke 1/250, utapata picha yako. Hayo nilikufundisha ukiwa darasa la sita, ila siku hizi unamsikiliza zaidi yule fundi wa Kariakoo.

Laki na themanini, kwa kusafisha na kutia mafuta! Na kabla hajafungua hata skrubu moja!

Sasa hiyo Canon AE-1 uliyonitumia picha, unayoiita mpya kwa sababu inang'aa. Ilianza kutengenezwa mwaka 1976. K1000 yetu nayo ilianza kutengenezwa mwaka gani? 1976. Unataka kumstaafisha mzee ili umwajiri mzee mwenzake aliyetia hina ndevu. Tena huyo anategemea umeme. Bila betri yake ya volti 6 hapigi hata picha moja, utabonyeza mpaka kidole kife ganzi. Ya kwetu betri ni ya mita ya mwanga tu, na ikiisha kamera inaendelea kama haijaambiwa. Umeme wa ndani ya Canon ukiharibika, fundi hana la kufanya ila atafute maiti ya Canon nyingine ang'oe kipuri. Na huyo muuzaji kukuambia kwamba ukibonyeza inalia "kwii" na ndiyo sauti yake, amekudanganya. Hicho ni kikohozi, mafuta yamekauka kwenye mitambo ya kile kioo cha ndani kinachoinuka ukibonyeza, kinajulikana dunia nzima. Kwa hiyo utanunua kamera ya laki sita na nusu, kisha uipeleke kwa fundi huyohuyo kutiwa mafuta.

Na lenzi zako mbili, ya 50 na ile ya 135, zina mdomo wa Pentax. Kwenye Canon hazivai. Hilo hukulifikiria.

Sasa laki sita na nusu unazitoa wapi?

Alhamisi, kama saa tatu asubuhi, nilipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu. Akaniuliza kama nakufahamu. Nikasema ni mwanangu wa pili. Akasema, "Basi mzee mwambie alipe deni, la sivyo kila aliye kwenye simu yake atapata habari." Akakata. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikaja kukikumbuka kimeshapoa.

Ni shilingi ngapi?

Sitaki maelezo ya ilikuwaje. Nataka tarakimu. Iandike kwenye karatasi, iweke ndani ya kifurushi, ije na basi. Mama yako hajui, na kwa hali ya presha yake asijue.

Mikopo hii ya simu watu huku wanaiita kausha damu, na hawakukosea jina. Mke wa muuza mkaa wa barabara ya kumi na mbili alianza na elfu thelathini, sasa hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya msiba. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu zinazokopesha bila leseni, na wewe ndiye uliyesoma, itafute uangalie kama hao wako wamo. Usikope hapa ukalipe pale. Hiyo ndiyo njia yenyewe wanayokutakia.

Nasema kama mtu anayeijua. Mwaka 2007 nilipoingiza kompyuta na printa studio, watu walinipongeza, na wewe ulikuja na sare ukawa wa kwanza kupigwa. Zile pesa hazikuwa zangu. Wino peke yake ulikuwa unakula kuliko sisi. Na cherehani ya mama yako, ile tuliyowaambia ilikwenda kwenye ada yako ya Form One... ada yako ya Form One alilipa mjomba wako. Basi, turudi kwenye kamera.

Ushauri wangu ni kwamba itengenezwe, na isitengenezwe Kariakoo. Itume huku kabla hujakwenda Mwanza. Fundi saa wetu pale sokoni, mikono yake bado haitetemeki, na kamera ya namna hii ni springi na meno kama saa, ukubwa tu ndio tofauti. Ameniambia elfu sabini, na atanilipisha sitini. Ila kwanza ukae gizani, uitoe lenzi, ufungue mgongo, uwashe taa ya simu nyuma ya pazia, na kwa mbele uinue kile kioo taratibu kwa kidole uchungulie. Ukiona vitobo vya mwanga kama nyota, niambie. Pazia likitoboka kazi inakuwa nyingine, na hapo mimi mwenyewe nitasema tusimalizie pesa pale, tutafute mwili mwingine wa K1000 tuuvike lenzi zako. Walizitengeneza mpaka 1997, zipo nyingi. Pazia likiwa zima, hakuna mjadala.

Ikifika nitaipima kwenye TV chogo. Usicheke. Ukisimama mbele ya ile TV, mgongo wa kamera wazi na jicho lako nyuma yake, ukabonyeza 1/1000, unaona ufito wa mwanga umelala mshazari. Pazia likichoka, ufito unakonda upande mmoja mpaka unapotea. TV bapa haikuonyeshi hivyo. Mama yako anataka kumpa TV hiyo muuza vyuma chakavu kwa elfu tano, na tumegombana kwa ajili yake mara mbili wiki hii. Nikiondoka duniani atampa.

Zile sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma wa kamera nazo zimekuwa lami, zinanata kwenye kidole. Usizikwangue na kisu. Nitazitoa kwa spiriti na kijiti cha meno, nitie uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji, kama nilivyofanya zamani. Uzi nitaukata kwenye kapu la mama yako akilala.

Kifuniko cha lenzi umekipoteza, naona kwenye picha. Halafu unalalamika betri haikai. Mita ya kamera hii haina swichi, mwanga ukiingia inakula betri usiku na mchana, na kifuniko ndiyo swichi yenyewe. Nilikuambia hili mara ngapi? Nunua hata cha plastiki.

Kuhusu kuvu lililomo ndani ya lenzi ya 50, fundi wako alisema ni uzembe wa mwenye kamera. Kweli. Ngozi hunyonya unyevu, na pwani hii kamera haikai kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati miaka tisa bila kuota. Mwenye kuiweka huko alikuwa amefunga studio na hakutaka kuiona. Wewe uliichukua ikiwa tayari hivyo, kwa hiyo usijibebeshe. Likiwa kwenye kioo cha mbele linasafishika, likiwa limeshakula rangi ya kioo, picha zitakuwa na ukungu kidogo kwenye jua, na watoto wa siku hizi wanalipia ukungu. Ukifika Mwanza iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Mfuko wa ngozi utupe. Au usiutupe, nirudishie.

Mdogo wako amenisomea kwamba Pentax wenyewe wametoa kamera mpya ya filamu mwaka 2024, inaitwa Pentax 17, inakata fremu nusu, mkanda wa picha 36 unatoa 72. Dola 500 ilipotoka. Nakutajia ili ukisikia mahali usikimbilie simu kukopa. Mkanda mmoja wewe mwenyewe umesema unanunua elfu arobaini na tano, bado kusafisha. Kwa tofauti ya sitini na laki sita na nusu unapata mikanda kumi na tatu, picha zaidi ya mia nne na sitini. Piga hizo kwanza.

Ile picha ya mama muuza samaki pale Feri, aliyeshika changu kwa mkia akicheka na mtu asiyeonekana, nimeitundika barazani badala ya ile yangu ya Coastal Union ya mwaka 1988. Ile ya 1988 imehamia chumbani. Mzee wa jirani aliisimamia muda mrefu akauliza nani kapiga, nikamwambia ni mwanafunzi wangu. Bahari imelala upande lakini. Ukipiga pwani, tazama mstari wa maji kabla ya kitu kingine, maji hayapandi mlima.

Nina laki moja na ishirini ya machungwa na nazi. Nilizitenga kwa bati la jikoni, maana mvua za vuli zilituloanisha unga. Bati litangoja. Hizo si za kamera. Ni za huyo kijana mwenye adabu, kama zinatosha, na kama hazitoshi ndiyo maana nakuuliza mara ya pili: ni shilingi ngapi? Kuna mtu anaitaka ile mashine yangu ya kukuzia picha, anaweka dukani kama pambo. Sijamjibu.

Usiniandikie "baba usijali". Niandikie tarakimu.

Mdogo wako ana mtihani wa Form Four mwezi Novemba, na hesabu bado zinamshinda, mtie moyo lakini usimtumie pesa, zinaishia kwenye bando. Tangi la maji limepasuka tena palepale. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja amekufa. LUKU tumeweka ya elfu kumi, imekaa siku kumi na moja, nafikiri ni ile friji, mlango haufungi vizuri, nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.

Mwanza utafikia kwa nani? Hukusema. Shangazi yako ana jamaa zake Ilemela, namba anayo mama yako, mwombe yeye, mimi asije akaniuliza kwa nini nina haraka.

Kamera itume na basi la asubuhi, si la usiku, na kondakta umpe mkononi, isiwekwe buti. Izungushie khanga mbili, kisha uitie ndani ya lile bakuli kubwa la mama yako lenye mfuniko wa kijani, uliloondoka nalo na pilau sikukuu ya mfungo mosi. Analijua lilipo. Karatasi yenye tarakimu iweke chini ya kamera, si juu, kwa sababu bakuli atalifungua yeye.

Ni mimi baba yako