Katuni za Japani na Korea hazitachuja kesho

Mhariri,

Wapo wanaodhani mapenzi ya vijana kwa katuni za Japani na Korea Kusini ni upepo tu. Sikubaliani nao. Katuni ya Kijapani One Piece, ya mchoraji Eiichiro Oda, ilianza mwaka 1997 katika jarida la Weekly Shōnen Jump na bado inaendelea. Walioianza wakiwa watoto sasa ni wazazi.

Naona chanzo ni kumsikiliza msomaji. Jarida hilo limekuwa likiweka kadi ya maoni ndani ya toleo ili wasomaji wachague hadithi walizozipenda. Isiyopendwa huondolewa, hata kama mchoraji ana jina. Ni mfumo mkali mno kwa wachoraji, lakini hakuna anayebweteka. Huko Korea Kusini, kampuni ya mtandao ya Naver ilianza kuchapisha katuni mtandaoni mwaka 2004, na picha zake zinazoshuka kutoka juu hadi chini zikaja kufaa simu barabara.

Wachoraji hodari tunao. Waliosoma jarida letu la katuni la Sani wanajua. Naomba magazeti yetu, likiwemo hili, yawape vijana ukurasa mzima kila wiki kwa hadithi ndefu inayoendelea, na yawalipe.

Msomaji wako,
Tanga